Fundi Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimelala juu ya mifuko ya simenti nikiwa mbeba tofali, leo nalala ghorofani Mbwawa kwenye nyumba niliyoijenga kwa tofali zangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tano, na leo wenye digrii wananipigia simu wakinibembeleza niwapelekee mchanga kabla ya mvua. Tipa yangu imewahi kudidimia machimboni Kisarawe, watu wakaja kunipa pole, wakanikuta naongea na dalali wa tipa nyingine. Kwa hiyo nikiwaambia kuna mtu mmoja nimekaa naye miaka na miaka na sikumaliza kumwelewa, mjue si kwamba sijaona watu.

Jina alikuwa nalo. Hakupenda litajwe barabarani. "Jina ni la msikitini na hospitalini," alisema. "Hapa mimi Fundi." Basi na mimi namwita Fundi.

Banda lake la mabati lilikuwa Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, na kazi yake ilikuwa miguu ya gari tu. Injini hakugusa. Umeme ukimtajia alikuelekeza kwa jirani huku anaangalia pembeni, kama umemtajia mambo ya aibu. Yeye ni shokapu, springi na bushi, vile vipande vya kwenye maungio ya miguu, basi. Mtu akimuuliza tofauti ya springi na shokapu, na waliuliza wengi, jibu lake lilikuwa moja. "Springi ni mtu mwenye hasira. Shokapu ni yule anayemshika mkono. Gari ikirukaruka baada ya tuta, ujue mshika mkono kafa."

Alikuwa na mdomo. Bwana mmoja wa ofisini, mnene, alimletea gari imeinama upande wa dereva, akasema springi imelala. Fundi akaizunguka gari, halafu akamzunguka yule bwana.

"Mkeo akiendesha, inainama?"

"Akiendesha yeye haiinami."

"Basi springi haijalala. Imechoka kukubeba."

Yule bwana alinuna, akaondoka, akarudi wiki iliyofuata na mkewe, na Fundi akawapokea kwa heshima zote, shikamoo kwa marahaba, kama si yeye.

Msidhani alikuwa malaika. Fundi alikuwa anajaza shokapu. Asiyejua, ni hivi: shokapu ikishakufa unaitoboa, unamimina oili nzito ndani, unaichomelea tena, unaipaka rangi nyeusi, inang'aa kama imetoka dukani jana. Inakaa miezi michache inakufa tena. Alizifunga kwenye vigari vya walimu na manesi na kuwaambia itawapeleka mwaka mzima. Nilimuuliza siku moja kama huo si wizi.

"Mwenye hela ya mpya nampa mpya," alisema. "Mwenye hela ya miezi mitatu nampa miezi mitatu."

"Lakini unamwambia mwaka."

"Hapo ndipo penye dhambi," akasema, akaendelea kupaka rangi.

Na mtu huyohuyo, mama mmoja muuguzi alipokuja analia kwamba gari imegoma kona akaingia mtaroni, alimfungia mpya mbele na nyuma, asichukue kitu, halafu akamfokea kwa kuendesha kasi. Nikishasema alikuwa mwizi najikuta namtetea, na nikimtetea wanakuja watu aliowaibia. Mimi mwenyewe kirikuu yangu ya kwanza, kile kipikapu kidogo cha mizigo, shokapu zake alizijaza. Ilinipeleka mwezi.

Alikuwa na baiskeli yenye kiti kigumu kama kigoda. Mtu aliyeshinda anatafutia wenzake ulaini wa kukaa, yeye anapanda chuma kitupu. Siku za kazi alilala chumba cha kupanga hapo Kibaha, na Alhamisi jioni alirudi kwa mkewe Kisarawe, kule mlimani.

Sasa kuna jambo lake moja lililowaudhi wanaume wengi. Hakukubali kukuchagulia shokapu mpaka umletee mtu anayekaa kiti cha kushoto, kile cha abiria. Wewe unakuja na hela yako, umetoka mbali, unamwambia nataka ngumu, nataka za kushusha, anakuuliza, "Kushoto anakaa nani?" Ukisema mke, anasema mlete mke. Ukisema mama, mlete mama.

"Wewe umeshika usukani," alikuwa anaeleza. "Tuta umeliona, umejiandaa, mikono imeshika. Wa kushoto hana pa kushika. Gari inamwambia yeye ukweli."

Akikosekana huyo mtu, alikaa mwenyewe. Alivua viatu, akaweka nyayo tupu sakafuni, akafumba macho, akakwambia endesha. Mkirudi bandani ndipo anakutajia ugonjwa.

Nikanunua gari ya michezo. Nyekundu, Mjapani, milango miwili, ukikanyaga mafuta shingo inarudi nyuma. Kuanzia Magindu mpaka Kisarawe haikuwepo nyingine, na kama ilikuwepo basi mwenyewe aliificha. Viti vyake vya mbele vimechimbwa kama ganda, ukikaa vinakukumbatia mbavu. Nilitaka iwe chini, bodi igusane na tairi, na iwe ngumu, kama za vijana wa mjini. Nikampelekea Fundi.

"Kushoto anakaa nani?"

"Hakai mtu. Hii ni yangu."

"Basi sina kazi hapa."

"Fundi, nalipa."

"Tofali," aliniita hivyo tangu nilipokuwa nabeba tofali, na nilipokuwa tajiri hakubadilisha, "mimi sifungi gari ya mtu mmoja. Nenda mjini wakufungie."

Nikaenda mjini wakanifungia. Shokapu za skrubu, unakaza, unalegeza, unashusha. Rimu kubwa, tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Nikarudi nayo makusudi, nikasimamisha mbele ya banda lake, nikaacha injini inanguruma. Fundi akatoka, akaweka viganja viwili juu ya boneti, akasukuma kwa uzito wake wote. Haikwenda chini hata kidogo. Akajifuta mikono.

"Umenunua meza," akasema, akarudi ndani.

Tulikaa muda hatuongei vizuri. Nikipita napiga honi, ananyanyua spana bila kuangalia. Halafu nikaanza kuliona banda limefungwa. Nikauliza, nikaambiwa Fundi anaumwa, yuko Kisarawe.

Nilimkuta amelalia ubavu kwenye godoro sebuleni, ameisha. Mkewe, mama mmoja mtulivu anayeongea kama anahesabu maneno, alinieleza nje. Kansa ilianzia kwenye tezi dume, akaificha, ikapanda mgongoni na nyongani. Hospitali kubwa ya mjini walikuwa wanampiga mionzi ili maumivu yapungue na mifupa isivunjike, na alitakiwa kwenda mara nyingi. Tatizo lilikuwa barabara. Kwenye bajaji alikuwa anatolewa amezimia. Gari ya kukodi ya pale stendi, miguu imekufa, inamyumbisha kulia na kushoto mpaka anatapika.

"Anasema haendi tena," mama alisema. "Asipokwenda, daktari kasema mgongo utakatika, atakuwa wa kulala tu mpaka mwisho. Nimeongea nimechoka. Labda wewe."

Nina tipa nne na kirikuu mbili. Mtu mwenye mgongo ule huwezi kumpandisha hata moja. Nikabaki na ile nyekundu. Na Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, kutoka pale godoroni, "Kiti chake kinashika mbavu. Sitayumba. Tujaribu."

Tulimbeba tukamkalisha kushoto. Kweli kiti kilimshika, hakuyumba. Lakini kila shimo lililopita chini ya tairi zile nyembamba lilipita mgongoni kwake. Mteremko wa Kisarawe kwenda Pugu una matuta madogomadogo, yale ya kukaa pamojapamoja, na kila moja lilimtoa sauti ndogo, kama mtu anayekata kucha akafika kwenye nyama. Nikalegeza skrubu zote. Haikusaidia. Zile ukizilegeza bado ni mawe, ila mawe yaliyolegea.

Safari iliyofuata alikuja na wazo.

"Tipa tupu inarusha, si ndiyo?"

"Inarusha."

"Ikibeba mchanga?"

"Inatulia."

"Basi weka mchanga kwenye buti."

Mimi ni mtu wa mchanga, na yeye alijifunza kazi kwenye malori. Kati yetu wawili hakuna aliyeona kosa. Nikapakia viroba mpaka buti ikajaa, gari ikakaa chini nyuma kama mbwa. Mwanzo ilikuwa laini kweli. Fundi akatabasamu, akasema, "Umeona?" Tukafika kwenye tuta la kwanza kubwa. Gari iliyokwisha shushwa, umeiongezea mzigo, shokapu haina tena pa kwenda. Ikagonga mwisho. Chuma kwa chuma. Nilisikia mlio, halafu sikusikia kitu, na kimya kile ndicho kilichonifanya nimgeukie. Alikuwa ameng'ata kofia yake. Macho yako wazi, hayaangalii popote.

Mkewe, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, kidogo kama cha mtoto, aliniambia kwa sauti ileile ya siku zote, "Baba, geuza gari, turudi."

Nikageuza. Nikamwaga mchanga pale pale barabarani.

Fundi akasema haendi tena popote, na safari hii hakuwa anabishana. "Nimeshajua barabara ilivyo," alisema. "Niache nife nimelala." Mkewe akaingia ndani. Mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Nikashuka mjini kwenye maduka ya spea.

Huko muuzaji akanitolea seti ya shokapu za mtumba zilizotoka kwenye gari kubwa ya kifamilia. "Bosi, hizi mto. Unalala."

"Zinaingia kwenye yangu?"

"Tunakuchongea zinaingia."

Zikachongwa, zikaingia. Nikapanda nayo Kisarawe nikiwa peke yangu na kweli nilihisi nimekalia sifongo. Fundi hakutaka hata kuiona. Nikaisimamisha dirishani kwake, nikaanza kubonyeza boneti. Nabonyeza, naachia. Nabonyeza, naachia. Mara sauti ikatoka ndani.

"Tofali, unafanya nini?"

"Naipima."

"Inarudi mara ngapi?"

"Inarudirudi tu."

"Inarudirudi ndiyo nini? Unabonyeza kama unakanda chapati. Sukuma, achia, nyamaza."

Nikasukuma, nikaachia.

"Imepanda mara tatu," akasema. "Nimesikia mpaka huku. Hiyo ni kitanda cha kamba. Ikikutana na shimo la Pugu itanichezesha ngoma. Irudishe."

"Sasa nataka nini, Fundi? Ngumu hutaki, laini hutaki."

Nikasikia anajigeuza chali. Nadhani alikuwa anajitafutia pumzi, au alikuwa anaamua kama bado ana haja na jambo hili. Halafu akaanza, akiwa anaongea na dari.

"Nataka ipande mara moja, ishuke mara moja, inyamaze. Tafuta shokapu zilizotengenezwa kwa gari hiyohiyo, mpya, za kawaida, kama ilivyotoka kiwandani. Na springi zake, usichanganye na za gari nyingine. Irudishe kimo chake. Bushi za chini weka za mpira, zile ngumu walizokufungia mjini tupa. Na hayo marimu yako."

"Marimu yana nini?"

"Tairi yako haina nyama. Nusu ya shokapu ni nyama ya tairi. Weka rimu ndogo, tairi nene."

"Fundi, gari itaonekana ya mwalimu wa dini."

"Anayekaa kushoto haoni rimu," akasema.

Ile iliniuma kuliko alivyojua. Rimu zile watu walikuwa wanapiga nazo picha. Lakini nikaenda. Nikaagiza mpya, zikachelewa, nikawa nampigia muuzaji kila asubuhi mpaka akaacha kupokea, nikamfuata dukani nikakaa kwenye kreti ya soda mlangoni mpaka zikafika. Wakati huo Fundi alikuwa hali vizuri. Mkewe alikuwa ananiambia kwenye simu neno moja tu: "Bado." Sijui alikuwa anamaanisha bado hajala, au bado yupo.

Zilipofungwa nilipanda nayo mlimani imenyanyuka, imenenepa miguuni, haina sura. Vijana wa bodaboda wa pale stendi walicheka. Nikaiweka dirishani. Nikasukuma, nikaachia, nikanyamaza.

Halafu Fundi akasema, "Mama, nipe shati."

Mkewe alitoka mlangoni akaniangalia. Ndiyo siku pekee niliyoona uso wake umebadilika.

Kesho yake tuliondoka asubuhi. Nilipoanza mteremko mikono yangu ilikuwa imelowa kwenye usukani, mimi ambaye nimeshusha tipa imekatika breki kwenye mteremko huohuo. Tuta la kwanza. Gari ikapanda, ikashuka, ikanyamaza. Sikumwangalia. La pili. La tatu. Tulipofika Gongo la Mboto nikasikia kama mtu anakoroma, nikageuka. Fundi alikuwa amelala. Mtu aliyekuwa halali godoroni alilala kwenye gari ya michezo katikati ya foleni, mdomo wazi, na mkewe nyuma akanigusa bega nisipige honi.

Hospitalini walimpima upya kwa sababu alikuwa amekatisha. Tukakaa sana kwenye benchi. Daktari alikuwa kijana, mpole, alimwita baba. Akasema mionzi wanaishia hapo, ugonjwa umeshapita pale ambapo mionzi ingesaidia, watampa dawa ya maumivu, arudi nyumbani apumzike.

"Kupumzika mpaka lini?" Fundi akauliza.

Daktari akatazama karatasi zake.

"Nimekuelewa," Fundi akasema. "Asante, mwanangu."

Nilitaka kumuuliza daktari kama tungefika mapema ingekuwaje. Nikawa nimefungua mdomo kabisa. Mkewe akanishika mkono wa shati, akatikisa kichwa.

Kwenye gari Fundi alisema, "Nipitishe Kibaha."

"Ni kuzunguka sana, Fundi. Utachoka."

"Tofali, hii gari uliitengeneza nifike wapi?"

Nikashika barabara ya Morogoro. Banda lake alishapangishwa mtu wa chipsi, mabati yamepakwa rangi ya njano. Nilipunguza mwendo. Hakutaka nisimame, aliangalia kama mtu anavyoangalia banda la chipsi, akasema twende. Tukarudi nyuma mpaka Kiluvya, tukakata njia ya vumbi inayotokea Kisarawe. Njia ile ni mawe na makorongo ya mvua, hata tipa zangu zinailalamikia.

Hapo akaomba avuliwe kandambili. Mkewe alijipenyeza kutoka nyuma, akamvua, moja kisha nyingine. Fundi akaweka nyayo tupu sakafuni. Miguu ilikuwa imevimba inang'aa. Akafumba macho.

Nikaendesha. Mimi ni mtu wa kuongea, wote wanaonijua wanajua, lakini njia ile yote nilifunga mdomo. Nilikuwa nasubiri aniambie. Nilitaka aseme ni nzuri. Nina nyumba, nina tipa, nina watu wananiita mheshimiwa bila kura hata moja, na nilikuwa nimeshika usukani kama mtahiniwa, nasubiri neno la mzee mwenye dhambi ya kujaza shokapu.

Tulipokaribia kupanda Kisarawe akafumbua macho.

"Mguu wa nyuma, kulia. Unagonga."

"Sisikii kitu, Fundi."

"Utasikiaje? Hukai huku." Akavuta pumzi. "Bushi ya chini haikukazwa. Kaikaze."

"Nitaikaza kesho."

"Nyingine zote umepatia," akasema. Halafu akamgeukia mkewe kidogo, kadiri shingo ilivyomruhusu. "Mama, na wewe unasikia inavyogonga?"

"Naisikia," mkewe akasema.

Nikamwangalia kwenye kioo. Alikuwa anatazama nje.

Nilimbeba mikononi kutoka kwenye gari mpaka godoroni. Alikuwa mwepesi. Mkewe akamfunika shuka, akanishukuru kwa kunitaja kwa jina langu la kweli, ambalo sikujua kama analijua. Fundi alikuwa ameshageukia ukuta. Nikamwambia naenda kukaza ile bushi, kesho napita. Akanyanyua vidole bila kugeuka, kama alivyokuwa akinyanyua spana nikimpigia honi.

Alifariki alfajiri iliyofuata. Tulimzika Kisarawe kabla ya adhuhuri.

Gari nimeipeleka kwa mafundi watatu, Kibaha wawili na mjini mmoja. Wameinyanyua, wametikisa, wameingia chini na taa. Bushi ya nyuma kulia imekazwa tangu siku ya kwanza, nati hazijasogea, hakuna kinachogonga. Fundi wa tatu aliniuliza mlio ulisikika upande gani hasa, mbele au nyuma, juu au chini. Nikamwambia aliyeusikia hayupo, na mwingine aliyesema anausikia sikumuuliza. Akasema basi labda haukuwa wa gari.

Naendelea kuiendesha hivyohivyo, imenyanyuka, na rimu za mwalimu wa dini. Watu wa Mbwawa wananiuliza kwa nini niliiharibu. Sina namna ya kuwaeleza, kwa hiyo nawatajia bei, kwa sababu bei wanaielewa. Shokapu nne mpya na springi zake, bushi, rimu, tairi, ufundi na alaimenti ya kunyoosha tairi, ukichanganya na ile mitumba iliyorudishwa ambayo muuzaji aligoma kunipa hela yangu yote, kwa safari moja ya kwenda hospitali na kurudi: shilingi milioni nne, laki tatu na elfu themanini.